Kushika Hatamu Si Kujua Kupanda

Katika lugha yetu, kushika hatamu ni kuongoza. Kwa mpanda farasi jambo haliko hivyo. Aweza kuzishika siku ya kwanza, naye akaendelea kuongozwa na mnyama kwa miaka. Basi ni lini mtu huyo huacha kuitwa mwanagenzi?

Wako wanaohesabu miezi aliyopanda, na wako wanaohesabu mara alizoanguka. Sisi tunaona kwamba vipimo hivyo vina upungufu, kwa sababu vinamtazama mtu peke yake na kumsahau farasi.

Tuchukue mfano wa Chuo cha Kihispania cha Upandaji Farasi kilichoko Vienna, Austria, ambacho habari zake zinaanzia karne ya 16. Mwanafunzi hupandishwa kwanza juu ya dume mzee aliyekwisha kuhitimu. Farasi huzungushwa kwa kamba ndefu iliyo mkononi mwa mwalimu. Mwanafunzi hana hatamu wala vikuku vya kutilia miguu. Ananyimwa kwa makusudi. Asiyeweza kukaa imara kwa mizani ya mwili wake huzing'ang'ania hatamu ili asianguke, nazo zimefungwa kwenye lijamu, chuma kilichomo kinywani mwa farasi. Kosa huwa la mtu, maumivu huwa ya mnyama.

Miaka ikipita, hukabidhiwa dume mchanga asiyejua kitu, amfundishe mwenyewe. Akimfikisha kwenye maonyesho ya daraja la juu, ndipo hutambuliwa kuwa mpandaji kamili. Safari hiyo huchukua miaka 8 hadi 12 hivi. Wasichana, walioanza kupokewa mwaka 2008, hupimwa kwa kipimo kile kile.

Hatusemi kwamba kila apandaye farasi asome muda huo. Tunasema kwamba msingi wake ni wa haki: farasi mzee humfunza kijana, na mtu aliyekomaa humfunza farasi mchanga. Uanagenzi hukoma siku ambayo mnyama haadhibiwi tena kwa makosa ya aliyempanda. Siku ambayo farasi akikataa, mpandaji hujiuliza mwenyewe kwanza kabla ya kuinua fimbo.

Kwa hiyo walimu hawana budi kujihadhari na tabia ya kugawa sifa upesi ili kuwaridhisha wanafunzi. Mwanagenzi aliyeitwa fundi akapewa farasi mchanga huwahatarisha wote wawili. Cheo kikitangulia ujuzi, anayeumia kwanza ni yule asiyeweza kusema.