Safari ya Saa Chache Angani na Hukumu ya Kufupisha Swala

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Kila msimu wa Hija na Umra, swali hili hurudi misikitini: msafiri wa leo huketi kwenye kiti, akaletewa chakula, na baada ya muda mfupi akafika. Je, huyu naye ana ruhusa ya kufupisha Swala?

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam na Jeddah. Umbali baina ya miji hii kwa njia ya anga ni takriban kilomita 3,150, na ndege iendayo moja kwa moja huumaliza kwa muda wa saa 4 na nusu hivi. Wazee wetu waliokwenda kwa majahazi walingoja kwanza upepo wa kusi, kisha wakakaa baharini wiki nyingi.

Jawabu ni kwamba muda umepungua, lakini umbali ni ule ule. Katika madhehebu ya Imam Shafii hukumu imefungamana na masafa, nayo ni marhala mbili, yaani maili 48 za kale, zinazokadiriwa leo kuwa baina ya kilomita 80 na 90. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika Minhaj kuwa bahari ni kama nchi kavu: mwenye kuyakata masafa hayo baharini kwa saa moja tu, hufupisha. Yeye hakuiona ndege, lakini kanuni aliyoiweka inaienea.

Vile vile imepokewa na Muslim kwamba Umar (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kufupisha baada ya hofu kuondoka, akajibiwa kuwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, basi ipokelewe. Kwa hiyo, raha ya safari haiiondoi rukhsa.

Hata hivyo, yapo mambo mawili ambayo wengi hukosea.

Kwanza, rukhsa huanza pale msafiri anapoyaacha majengo ya mji wake. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam umezungukwa na makazi ya mji. Mkazi wa Dar anayeswali pale kabla ya kuondoka, ataswali kamili. Aliyetoka Morogoro kwa safari hiyo hiyo, atafupisha.

Pili, ni Miqati. Ndege hukata zaidi ya kilomita 13 kwa dakika. Mwenye kusinzia huamka ameshaipita. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliamua kuwa anayekwenda Hija au Umra kwa ndege ahirimie anapokuwa sambamba na Miqati, wala asicheleweshe hadi Jeddah. Basi ni vyema avae nguo za ihramu kabla ya kupanda, na atie nia mapema kidogo kwa tahadhari.

Kasi ya chombo, basi, haimnyimi msafiri sadaka ya Mola wake, ila inamtaka awe macho zaidi.

Wallahu A'lam.