Mgongo ukivunjika Yakobi, roboti itatusaidia nini?

Wadau, kuna mabingwa wa kupasua mgongo ambao wakitoka chumba cha upasuaji wanakaa na kikokotoo. Wanatafiti roboti za upasuaji, wanatafiti na gharama za matibabu. Mtu wa Yakobi anaweza kudhani hayo ni ya wakubwa tu. Mimi nasema yanatuhusu sana, na ngoja niwaeleze kwa nini.

Chukueni mfano wa Roger Härtl wa Weill Cornell, New York. Kwao anajulikana kwa upasuaji wa tundu dogo unaoongozwa na kompyuta. Lakini kwa miaka mingi amefanya kazi pia na madaktari wa MOI pale Muhimbili, akiwemo Dk. Hamisi Shabani.

Tuanze na roboti yenyewe. Haipasui mtu peke yake. Picha za CT scan zinaingizwa kwenye kompyuta, daktari anapanga skrubu ipite wapi kwenye pingili, kisha mkono wa roboti unaishikilia njia hiyo wakati daktari anatoboa. SpineAssist, iliyotengenezwa Israel, iliruhusiwa Marekani mwaka 2004. Lengo ni skrubu isiguse mishipa ya fahamu. Bei sasa! Mamia ya maelfu ya dola, bado matengenezo.

Hapo ndipo uchumi wa afya unapoingia na swali moja: pesa hiyo hiyo ingenunua nini kingine? Kipimo chao kinaitwa DALY. Unajumlisha miaka iliyopotea kwa kufa mapema na miaka ya kuishi na ulemavu, kulingana na ukali wake. Kijana wa miaka 25 akipooza, inahesabiwa miaka yake yote iliyobaki, siyo siku za wodini tu.

Härtl, Shabani na wenzao waliwapigia hesabu hiyo majeruhi wa mgongo waliotibiwa MOI, wakaichapisha katika Global Spine Journal. Waliona kwamba upasuaji unaweza kustahili gharama yake hata katika nchi yetu. Na hapo hatuzungumzii roboti, ni upasuaji wa kawaida tu.

Sasa njooni huku kwetu. Kijana ameanguka na bodaboda, au ameangukiwa na gogo. Watu wanamshika mikono na miguu, wanamkunja ndani ya Noah. Mgongo uliovunjika ukikunjwa, mishipa ya fahamu inaumia zaidi. Akipewa rufaa ya Dar ni kama kilomita 700. Ndugu wanauza miti kutafuta hela ya vyuma, huku yeye anapata vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Hivyo ndivyo vinavyoua, na roboti haivigusi.

Msinielewe vibaya, siipingi teknolojia. Nasema tufuate mpangilio. Kwanza majeruhi abebwe kama gogo, kichwa, mgongo na miguu vikiwa mstari mmoja, juu ya ubao. Njombe ubao hatukosi! Pili, gari la wagonjwa. Tatu, vyuma viwepo kabla ndugu hawajauza shamba.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Madiwani na wabunge wetu tuwaulize hivi: vyuma vya mgongo vimo kwenye kitita, au mgonjwa atajitegemea?

Wadau wa Njombe na Makambako, mnasemaje? Nawasilisha.