Mgonjwa akizidiwa nyuma ya bodaboda, dereva atamsikiaje?

KWA wagonjwa wengi wa Mitundu, safari ya kwenda Itigi, iliko Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, huanza kwa bodaboda. Unaondoka asubuhi ukijiona una nguvu. Njiani kizunguzungu kinakushika, au tumbo la ujauzito linaanza kukaza. Unamwita dereva, lakini upepo, mlio wa injini na helmeti vinameza sauti yako.

Hapo ndipo hatari huanza. Abiria hulegeza mkanda wa helmeti na kuinamia bega la dereva ili apige kelele. Dereva naye hugeuza shingo ili asikie. Pikipiki iliyo kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Akigeuka kwa sekunde mbili tu, ameshapita zaidi ya mita 30 bila kuitazama barabara.

Siku hizi vipo vifaa vya kuzungumzia vinavyofungwa kwenye helmeti, maarufu kama intakomu. Kimoja hufungwa kwa dereva na kingine kwa abiria, na sauti hupita kwa Bluetooth. Vinaweza kumsaidia dereva anayebeba wagonjwa mara kwa mara, au mzazi anayempeleka mwanawe kliniki kwa pikipiki yake. Lakini kabla ya kutoa fedha, fuata mpangilio huu.

Kwanza, helmeti mbili. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa helmeti hupunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua helmeti ya abiria, imkae vizuri na mkanda ufungwe. Intakomu haimkingi mtu akianguka.

Pili, ishara za mkono. Hizi hazina gharama. Kabla ya kuondoka, mwambie dereva: nikikugusa bega mara moja, punguza mwendo, nikigusa mara mbili, simama mahali salama, nikigusa mfululizo, nimezidiwa. Mjaribu mkiwa mmesimama. Mueleze pia ugonjwa wako. Mwenye kisukari aseme kwamba akianza kutetemeka na kutokwa jasho jingi anahitaji kitu chenye sukari, na akiweke mfukoni, si ndani ya mzigo uliofungwa nyuma.

Tatu, ndipo ufikirie intakomu. Ya bei nafuu inatosha ukijua unachokihitaji.

Usilipie umbali. Maboksi mengi hutangaza mamia ya mita, hata kilomita. Wewe na dereva mmekaa kiti kimoja. Mita 10 zinawatosha. Redio, muziki na kuunganisha watu wengi pia huongeza bei bila kumsaidia mgonjwa.

Uliza kama bei ni ya kifaa kimoja au viwili. Vingi huuzwa kimoja kimoja, na kimoja peke yake hakimfikishii abiria sauti. Chukua viwili vya aina moja, kwa sababu vya aina tofauti wakati mwingine havielewani.

Angalia maiki. Helmeti iliyo wazi usoni inafaa maiki yenye mkono unaofika mdomoni, na iwe na sponji ya kuzuia upepo. Helmeti inayofunika uso wote inafaa maiki ndogo ya waya inayobandikwa ndani. Spika ziwe nyembamba na zikae usawa wa masikio bila kuyabana. Usichonge sponji ngumu ya ndani ya helmeti ili kuzipachika, kwani hiyo ndiyo inayopunguza nguvu ya kishindo kichwani.

Chagua yenye kitufe kikubwa ambacho kidole kinakipata bila kuangalia. Betri idumu safari ya kwenda na kurudi. Tundu la chaji liwe na kifuniko, maana vumbi la kiangazi na mvua za masika huharibu haraka.

Kabla ya kulipa, mfungiwe vyote viwili na mzungumze injini ikiwa inanguruma. Duka likikataa kujaribu, tafuta jingine.

Linda masikio pia. Shirika la Afya Duniani linachukulia desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama cha kusikiliza. Sauti ikipanda, muda salama hupungua. Kwa hiyo usifungulie hadi mwisho. Kama husikii, punguzeni mwendo.

Maongezi nayo yawe ya lazima tu: "simama", "punguza", "naumwa". Shirika hilo linaeleza kuwa dereva anayetumia simu huwa na uwezekano wa kupata ajali karibu mara nne zaidi, na kwamba kutoishika mkononi hakuondoi sana hatari hiyo. Akili ya dereva ndiyo inayotoka barabarani. Intakomu si ya kupigia soga.

Mzazi, kumbuka kanuni za bodaboda nchini zinaruhusu abiria mmoja tu, na zinakataza kupakia mtoto wa chini ya miaka tisa. Kifaa hakibadilishi hilo.

Wako pia wagonjwa ambao hawafai kupanda pikipiki hata wakiwa na intakomu: aliyepoteza fahamu, mwenye degedege, anayetokwa damu nyingi au anayeshindwa kupumua. Hao hawawezi kujishikilia. Kwa dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, piga 115 bure. Ni namba ya mfumo wa M-Mama unaotafuta gari la kumfikisha hospitali. Iandike leo kwenye simu yako na ya dereva wako.