Istilahi za Uvimbe wa Ubongo na Uti wa Mgongo kwa Watoto: Mfano wa Morogoro

Utafiti wa uzamivu kuhusu uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo kwa watoto wa Morogoro hukabiliwa kwanza na tatizo la istilahi. "Uti wa mgongo" hutaja mifupa, neva zilizomo ndani yake na, katika mazungumzo, ni ufupisho wa "homa ya uti wa mgongo". "Saratani", neno la Kiarabu lenye maana ya kaa wa baharini, halijumuishi uvimbe wote, kwani upo usio saratani. Kwa hiyo, katika vijiji vya Uluguru, ambako Kiluguru ni lugha ya nyumbani, dodoso liulize dalili: kuumwa kichwa na kutapika asubuhi, kuyumba, miguu kulegea. Mzazi akielewa homa, mtoto atachelewa kufikishwa Muhimbili.