Tulikwenda Unguja Kutafuta Khanga

Kama umewahi kuulizwa nyumbani, "Unakwenda kutembea ili ulete nini?" basi unalijua swali tuliloanza nalo. Tuliulizwa sote kumi na mmoja, akina mama sita wa Mbulu na watano wa Hanang. Miaka miwili tulikuwa tukichanga kidogo kidogo kutokana na vitunguu saumu, mayai, maziwa na ngano, na mwezi Julai 2025 fedha zilipotosha, baadhi ya waume zetu waligundua ghafla kwamba bati la jikoni linavuja.

Jibu letu lilikuwa la biashara. Khanga zinazouzwa katika minada ya Katesh, Dongobesh na Haydom hupita mikononi mwa wachuuzi watatu au wanne kabla ya kutufikia, na kila mmoja huongeza chake. Tukizinunua wenyewe kwa wingi, tutauza kwa bei nafuu na bado tutabakiwa na faida. Hilo lilikuwa kweli, ingawa si kweli yote. Tulitaka pia kuuona Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao tumeusoma vitabuni tangu darasa la nne na hatujawahi kuukanyaga.

Na mmoja wetu alikuwa na haja yake. Ni mama wa upande wa Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Yeye na watoto wake walipona. Nyumba haikupona, wala sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na doti ya khanga aliyokabidhiwa na mama yake mzazi siku alipoolewa: nyeusi na nyeupe, yenye maua ya korosho, na jina lake, "Radhi ya mama ni ngao yangu". Mama yake amekwisha fariki. Mwenzetu huyu hakuwa na picha ya mama yake, wala kaburi hawezi kulifikia mara kwa mara, maana liko mbali. Alisema, "Mimi nitatafuta ile khanga. Ninyi nunueni za kuuza."

Njiani

Tulikutana Babati, tukapanda basi la Dodoma kupitia Kondoa. Siku hizi njia yote hiyo ni lami. Wale wetu wenye umri wanakumbuka ilivyokuwa zamani na hawataki kuizungumzia. Kutoka Dodoma tulipanda treni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 2024, na kabla ya chai ya pili kumalizika tukawa Dar es Salaam. Boti ya kwenda Unguja huchukua kama saa mbili. Julai ni wakati wa upepo wa kusi na bahari huwa na hasira. Kama hujazoea, kula kidogo asubuhi, beba tangawizi, na ukae nyuma au katikati, usikae mbele. Sisi tulikaa mbele.

Tulikuwa na hofu nyingine ambayo hatukuisema kwa sauti: tutapokewaje, sisi Wakristo wa bara, katika mji wa misikiti mingi? Kusema kweli tulipokewa vizuri kuliko tunavyopokeana wenyewe kwenye mikutano. "Karibuni mama zangu, poleni na bahari," ndilo neno la kwanza tulilolisikia bandarini. Tulivaa magauni marefu na kujitanda khanga mabegani, jambo ambalo halikutugharimu kitu, na kila mlango ulifunguka. Ila ukisafiri wakati wa Ramadhani, ujue kwamba mchana hutapata chakula kwa urahisi barabarani, na si adabu kula mbele ya waliofunga.

Mji wenye milango

Mji Mkongwe uliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia. Vichochoro vyake ni vyembamba, kiasi kwamba ng'ombe wetu wawili wasingepishana, na vinapinda bila kutoa taarifa. Tulipotea mara tatu siku ya kwanza. Ukipotea usiogope, tembea tu, mwisho wake utatokea ama baharini ama sokoni.

Cha kutazama kwanza ni milango. Kiongozi wetu alitufundisha kuitofautisha. Iliyo na nakshi nzito na juu yake maandishi mara nyingi ni ya Kiarabu. Iliyogawanywa vipande vidogo vya mraba, yenye mbao zinazokunjwa, ni ya Kigujarati, ya wafanyabiashara waliotoka magharibi ya India. Ile miiba ya shaba nyeupe na ya njano iliyopigiliwa mlangoni, husemwa kwamba asili yake ni India, ambako iliwekwa kuzuia tembo wasiegemee milango. Unguja hakuna tembo wa kuegemea mlango, lakini fahari ya mwenye nyumba ilibaki.

Jumba lililotushangaza zaidi kwa uzuri wa baraza zake za mbao liko ufukweni karibu na bandari. Aliyelianzisha ni Tharia Topan, tajiri mwenye asili ya Kutch, India. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, yeye akafariki mwaka 1891 kabla halijakamilika, na likawa zahanati. Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, tuliliona kwa nje tu, kwa sababu sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki.

Mjini humo ndipo tulipotambua kwamba maneno mengi ya jikoni mwetu yalishuka kwa jahazi kutoka India: chapati, bajia, achari, hata gunia tunalotilia vitunguu. Kaniki walizovaa bibi zetu nazo zilitoka huko huko.

Mchangani, kwenye khanga

Maduka ya nguo yamejipanga upande wa Darajani na Mchangani. Ukiingia na mtoto utampoteza katikati ya vitambaa. Huko tulijifunza mambo ambayo tungeyajua miaka kumi iliyopita tungeokoa fedha nyingi.

Khanga ina pindo, ambalo ni ukingo wake wa pande zote, ina mji, yaani katikati, na ina jina. Mwishoni mwa karne ya 19 akina mama wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya leso kabla havijakatwa, wakaviunga kuwa nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaona faida wakaanza kuzichapisha nzima. Huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara mwenye asili ya India, alianza kazi hiyo mwaka 1887, na khanga zake zikajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Hata leo, pamoja na zinazotengenezwa hapa Tanzania, nyingi huchapishwa India, na mji wa Jetpur katika jimbo la Gujarat unajulikana kwa kazi hiyo. Yale maua ya korosho tunayoyaona ya kwetu kabisa, Wahindi wanayafahamu tangu zamani kwa jina la embe.

Shika kitambaa kabla ya kuuliza bei. Kikunje mkononi ukiachie: pamba nzuri hurudi, iliyojaa wanga hubaki na alama, na ukiifua mara moja inakuwa kama chandarua. Tazama kama rangi imepenya upande wa pili. Angalia pindo limekaa sawa pande zote. Kisha usikubali bei ya kwanza, wala usiitukane. Doti tuliyotajiwa Sh. 15,000 tuliipata kwa Sh. 11,000 tuliponunua kumi, na muuzaji aliendelea kutuita mama zake.

Na soma jina! Mwenzetu wa Dongobesh alivutiwa na rangi ya zambarau, akanunua doti nane kwa ajili ya sare ya akina mama wa kwaya. Usiku, tukiwa chumbani tunapanga mizigo, mmoja akaisoma kwa sauti: "Usijisifu, mume si wako peke yako". Tulicheka mpaka wapangaji wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Mnunuzi hakucheka. Asubuhi alizirudisha zikiwa bado hazijakatwa, na mwenye duka, baada ya kufuta machozi ya kicheko, akambadilishia zenye jina la shukrani.

Yule mama wa Katesh alizunguka maduka saba siku hiyo. Katika matatu alilipata jina lake, lakini kwenye khanga nyekundu, nyingine ya bluu yenye samaki. Duka la nane lilikuwa la mzee mmoja mwenye asili ya India, aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kikituacha nyuma. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, khanga huchapwa kwa oda. Ikiisha imeisha. Hiyo ya miaka ishirini iliyopita hata mimi siwezi kukuletea." Hakumdanganya kwa kumwonyesha inayofanana, na kwa hilo tunamheshimu mzee yule.

Mkunazini

Siku ya pili tulikwenda kanisa kuu la Kianglikana, Mkunazini. Hapo palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo msingi wa kanisa ukawekwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, ni mmoja wa watu wa mwanzo waliotafsiri Maandiko kwa Kiswahili, na amezikwa nyuma ya altare. Inasemwa kwamba altare iko mahali uliposimama mti wa kuwachapia watu ili wanunuzi waone nani ni mstahimilivu. Ipo pia misalaba mingi, lakini mmoja ni wa mti ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone.

Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu wenye minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs. Minyororo ni ya kweli. Tulioneshwa pia vyumba vya chini ambavyo wageni huambiwa watumwa walifungiwa. Wapo wanahistoria wanaosema vyumba hivyo vilijengwa baadaye. Hatukubishana. Soko lenyewe halina ubishi.

Mama wa Mbulu aliye mkubwa kuliko sisi sote alikaa kwenye ngazi, akasema jambo lililotunyamazisha. Bibi yake alikuwa na sketi ya ngozi iliyotariziwa shanga, zile za harusi za Wairaqw, na wenzetu Wabarbaig wangali wanavaa sketi za ngozi hadi leo. "Shanga zile za kioo hatukuzitengeneza sisi," alisema. "Zilipita bandari hii. Meli ikishusha shanga na nguo, ilipakia nini?" Tulikuwa tumetoka kubishania Sh. 500 ya khanga. Hakuna aliyependa kurudi dukani mchana huo, tukaenda kukaa Forodhani kutazama bahari. Jioni tulikula urojo, ambao mmoja wetu aliuita uji uliokosea njia, kisha akaomba bakuli la pili.

Sokoni

Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904. Nunua mdalasini, iliki, pilipili manga na karafuu za matumizi ya nyumbani. Harufu yake bado iko kwenye masanduku yetu. Usinunue zafarani ya bei rahisi. Zafarani haikui Unguja, na ile ya rangi ya chungwa inayouzwa kwa mafungu ni ua lingine la kutia rangi tu. Halua ni zawadi nzuri kwa mume aliyelalamikia bati, nayo haiharibiki njiani.

Hesabu yetu tuliifanya siku ya mwisho, mlezi wa fedha akiandika kwenye daftari. Khanga za kuuza doti 140. Nauli na malazi vilizidi makisio kidogo, kwa kuwa tulisahau kwamba mizigo ya kurudi nayo hulipiwa. Kwa mwenye mpango kama huu, tenga fedha za mizigo kando tangu nyumbani, na ada za watoto usiziguse hata kama rangi zinakuita. Wawili kati yetu waliziazima "kwa siku mbili tu" na wakapata tabu mwezi Agosti.

Asubuhi ile ya kuondoka, mama wa Katesh hakuonekana kwenye chai. Tulianza kuwa na wasiwasi, maana boti ilikuwa saa tatu. Alirudi akihema, na mfuko mdogo mkononi. Alikuwa amerudi kwa yule mzee. Amenunua doti mbili zilizo sawa kabisa, rangi ya kijani na nyeupe, zenye jina lile lile la mama yake, bila korosho. Tulimwuliza mbona mbili, na fedha zenyewe anazo chache.

"Moja ni yangu," alisema, "nyingine ni ya binti yangu, yuko darasa la sita. Atakaa nayo kwa shangazi yake Singida. Nyumba mbili haziwezi kuchukuliwa siku moja."

Kisha akatuomba tumsaidie kubeba mizigo, tukashuka bandarini.