Kumtazama Mgonjwa Kabla ya Kumpa Dawa

Leo twataka kusema nanyi habari za uuguzi. Watu wengi wakilisikia neno hilo hufikiri dawa, sindano na kufunga vidonda. Mambo hayo yamo, walakini siyo mwanzo wa kazi. Mwanzo wa kazi ni kumtazama mgonjwa kwa makini. Na sehemu ya kazi hiyo yaweza kufanywa na kila mtu mwenye mgonjwa nyumbani mwake.

Mwaka 1854 mwanamke Mwingereza, jina lake Florence Nightingale, alikwenda Scutari, karibu na mji wa Istanbul, kuwauguza askari wa vita vya Krimea. Baadaye aliandika kitabu juu ya uuguzi, na ndani yake aliweka sura nzima juu ya kumtazama mgonjwa. Mwaka 1860 shule ya wauguzi yenye jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas's, London. Tangu siku zile hata leo, mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kuona, kuhesabu na kuandika, wala asitegemee kudhani tu.

Sasa na tutwae mfano. Mtoto wa miezi minane anakohoa kwa siku ya tatu. Usiku umeingia. Mamaye ana wasiwasi, lakini nyanya asema, “Ni mafua tu, tungoje asubuhi.” Yawezekana nyanya amesema kweli. Yawezekana pia kuwa ni homa ya mapafu, ambayo wengine huiita kichomi, na maradhi hayo huwaua watoto wadogo wengi sana duniani. Je, tutayapambanua namna gani? Homa peke yake haitoshi, kwani hata mafua huleta homa. Wala ukubwa wa kikohozi hautoshi. Yatupasa kuitazama pumzi.

Sababu yake ni hii. Mapafu yakipatwa na ugonjwa huo, sehemu zake hujaa majimaji na usaha, na hewa haipati nafasi. Kila pumzi huleta hewa kidogo kuliko desturi. Basi mwili hujaribu kulipa upungufu huo kwa kuvuta pumzi nyingi zaidi. Ndiyo maana hesabu ya pumzi hutuambia jambo ambalo macho peke yake hayalioni.

Kuhesabu si kazi ngumu. Ngojeni mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Fungueni nguo yake, mtazame kifua au tumbo penye mwanga. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Tumieni saa yenye kuonyesha sekunde, mkahesabu dakika moja kamili. Msihesabu nusu dakika na kuzidisha, maana pumzi za mtoto hazilingani. Mkiwa na shaka, hesabuni tena.

Mtoto aliye chini ya miezi miwili akifikia pumzi 60 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka mno. Tangu miezi miwili hata kabla ya kutimiza mwaka, kipimo ni 50 au zaidi. Tangu mwaka mmoja hata kabla ya kutimiza miaka mitano, ni 40 au zaidi. Basi ikiwa mama wa mfano wetu amehesabu 56, hana haja ya kubishana na nyanya: hesabu yenyewe imesema, na safari ya zahanati isingoje.

Ziko dalili nyingine zisizohitaji saa. Mtoto akivuta pumzi na sehemu ya chini ya kifua ikabonyea ndani. Akishindwa kunyonya au kunywa. Akitapika kila kitu. Akishikwa na degedege. Au akilegea na kuwa mzito wa kuamka, apelekwe hospitali mara moja, hata kama pumzi zake si nyingi. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au mwenye mwili baridi kuliko desturi, naye asingojewe.

Mkifika, mwambieni mwuguzi mliyoyaona: ugonjwa ulianza lini, pumzi ni ngapi, mtoto anakunywa au hanywi, amepewa dawa gani, kiasi gani na saa ngapi. Semeni pia dawa za miti shamba, msione haya. Mficha maradhi kilio humfichua. Na mwuguzi naye asimcheke wala kumkaripia mtu aliyesema kweli, kwani aliyeaibishwa leo atanyamaza kesho.

Kisha huja kazi ya kufundisha. Mwuguzi akiuliza, “Umeelewa?” karibu kila mtu hujibu, “Ndiyo,” kwa adabu tu. Mwuguzi mwema husema, “Hebu nieleze, mama, utampa dawa hii namna gani ukifika nyumbani.” Hapo hamjaribu mama; ajipima mwenyewe kama amefundisha vema. Huenda mama amedhani kwamba mara mbili kwa siku ni vijiko viwili kwa pamoja, na kosa hilo hurekebishwa pale pale. Ikiwa mwuguzi amesahau kuuliza, semeni ninyi, “Ngoja nirudie, unisikilize.”

Mwisho ni usalama. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake. Jina la mgonjwa liulizwe kabla ya kutoa dawa, hata kama anajulikana. Dawa imalizwe kama ilivyoagizwa, ingawa mtoto ameanza kucheza; wala isigawanywe kwa ndugu yake, kwa sababu kipimo cha mtoto hufuata uzito na ugonjwa wake mwenyewe.

Basi, wasikilizaji wetu, leo jioni mtazameni mtoto mzima aliyelala, mkahesabu pumzi zake kwa dakika moja. Mtu aliyezoea kuhesabu wakati wa afya hatababaika wakati wa ugonjwa.