Futa Diski Kabla ya Seva Kupigwa Mnada

Seva kuukuu ya Unix huenda mnadani ikiwa bado na mishahara ya wafanyakazi na rekodi za wagonjwa. Amri ya rm haitoshi. Huondoa jina la faili tu. Data yenyewe hubaki kwenye diski hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tuilinde.

Washa mashine kwa CD, si kwa diski inayofutwa, kisha tumia amri ya dd kujaza kila diski sufuri, mwanzo hadi mwisho. Kagua jina la diski mara mbili, maana dd haiulizi. Kwa diski za sumaku, mara moja yatosha. Iliyoharibika haifutiki: ing'oe, itobolewe.